Kiti Kikibaki Wazi: Somo kutoka Mbulu na Hanang

Wahadhiri wa sayansi ya siasa wanaupenda sana uchaguzi ambao mwenye kiti hagombei. Sababu yao ni nyepesi. Mbunge akitetea kiti chake, watu wanampima yeye: ameleta maji au hajaleta, anapokea simu au hapokei, msibani anaonekana au anatuma bahasha tu. Asipokuwepo kwenye karatasi ya kura, kipimo hicho kinaondoka. Yanabaki maswali mawili: tunataka mtu wa namna gani, na ni nani hasa anayeulizwa hilo swali la kwanza?

Mimi nimelelewa Dongobesh, upande wa Mbulu, na likizo nyingi nilizimalizia Katesh kwa mjomba wangu, wilaya ya Hanang. Kwa hiyo mifano yangu nitaitoa kule. Sifanyi hivyo kwa sababu ni kwetu tu. Ukiangalia historia ya viti vya ubunge katika wilaya hizi mbili, utakuta karibu kila njia ambayo kiti kinaweza kupata mtu mpya: mkubwa ameondoka, mkubwa ameangushwa, jimbo limegawanywa, na hata mgombea wa chama kupigwa chini na mtu asiye na chama nyuma yake. Hilo la mwisho watu wengi chuoni hawalijui kabisa, nami nitalifikia.

Kwanza tuelewane kwenye maneno, maana nimeona watu wakibishana kwenye korido wakati wanaongelea vitu viwili tofauti. Mbunge wetu akisema "nastaafu" katikati ya miaka mitano, kisheria amejiuzulu. Kiti kinatangazwa kuwa wazi na Tume inaitisha uchaguzi mdogo, isipokuwa kama Bunge limebakiza muda usiozidi miezi 12 kabla ya kuvunjwa. Ndivyo ilivyokuwa Igunga, Tabora, mwaka 2011: Rostam Aziz alijiuzulu Julai, na tarehe 2 Oktoba watu wa Igunga wakapiga kura na kumpata Dk. Dalaly Kafumu. Lakini mbunge akimaliza muhula wake halafu asichukue fomu, hakuna uchaguzi mdogo. Kiti chake kinaingia kwenye uchaguzi mkuu kama viti vingine, ila hakina mwenyewe. Hiki cha pili ndicho kinachonivutia zaidi, kwa sababu kinakuja kimyakimya. Igunga nchi nzima ilihamia kule, magari ya vyama yakajaa barabarani. Kiti cha kimyakimya kinajazwa na watu wachache sana huku wengine tukiwa tunasubiri boom.

Tuje Hanang sasa. Frederick Sumaye aliingia bungeni kwa jimbo hilo mwaka 1985 na akalishika kwa miaka 20. Kumi ya mwisho alikuwa Waziri Mkuu wa Rais Mkapa. Hapa kuna jambo la kikatiba ambalo lazima mwanafunzi alishike: Ibara ya 51 inataka Waziri Mkuu awe mbunge wa kuchaguliwa kutoka jimboni. Hawezi kuwa mbunge wa kuteuliwa wala wa viti maalumu. Maana yake ni kwamba mwaka 2000 mpiga kura wa Endasak au Gitting alipokuwa anaweka alama kwenye karatasi, alikuwa anashikilia mguu mmoja wa kiti cha Waziri Mkuu. Jimbo la namna hiyo linazoea kuangaliwa. Viongozi wanapita, ahadi zinapewa uzito wake, na watu wanazoea kusema "mtu wetu yuko juu."

Mwaka 2005 Sumaye aliomba kuteuliwa na CCM kugombea urais. Mkutano Mkuu uliofanyika Chimwaga, Dodoma, mwezi Mei ukampitisha Jakaya Kikwete. Sumaye hakurudi kutetea Hanang. Baada ya miaka 20, kiti kikabaki wazi.

Nilimuuliza mjomba wangu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mjumbe ndani ya chama chake, watu walikuwa na hali gani mwaka ule. Alicheka kidogo. "Mjomba," akaniambia, "wananchi walikuwa shambani. Sisi wajumbe ndio tulikuwa na kazi." Sentensi hiyo niliiandika kwenye daftari, kwa sababu ina darasa zima ndani yake. Mwaka 2005 kura za maoni za CCM zilipigwa na wajumbe wa mkutano mkuu wa jimbo. Hanang ni jimbo ambalo CCM haikuwahi kuwa na hofu nalo, hivyo ukishapita kwa wajumbe na vikao vya juu vikakubariki, safari iliyobaki ni fupi. Aliyepita ni Dk. Mary Nagu. Hakuwa mgeni: tayari alikuwa amehudumu kama waziri katika serikali ya Mkapa. Uchaguzi mkuu ulikuwa ufanyike tarehe 30 Oktoba, ukasogezwa hadi 14 Desemba baada ya mgombea mwenza wa CHADEMA, Jumbe Rajab Jumbe, kufariki dunia. Nagu akashinda, na akalishika jimbo hadi 2020, alipofuatiwa na Mhandisi Samweli Hhayuma, naye wa CCM.

Hesabu hapo. Kuanzia 1985 hadi 2020, miaka 35, Hanang ilikuwa na wabunge wawili tu. Mtoto aliyezaliwa Katesh siku Sumaye anaapishwa alifikisha miaka 20, umri wa kupiga kura akiwa ameshaupita, ndipo akaona jimbo lake bila mwenye kiti. Nafasi kama hiyo ni adimu kuliko tunavyodhani, na ikija inapita haraka.

Kuna jambo jingine la mwaka 2005 ambalo vijana wa sasa hawalijui. Wakati ule takrima ilikuwa halali. Marekebisho ya Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 2000 yaliruhusu mgombea kutoa ukarimu wa kimila kwa wapiga kura. Pilau, soda, kanga, ukiviita takrima basi umesalimika. Mashirika ya kutetea haki, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kikiwemo, yalifungua shauri, na Aprili 2006 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu hivyo kwa kuwa vinakiuka Katiba. Miezi minne baada ya kura ya Hanang! Sitaki kusema kwamba nani alimpa nani nini, hilo sina ushahidi nalo. Ninachosema ni kwamba kiti cha wazi cha mwaka ule kilijazwa nchini kote chini ya sheria iliyomruhusu mwenye nacho kukirimu. Kiti kinapokuwa hakina mwenyewe, mtu asiyejulikana ndiye anayehitaji zaidi kujulikana haraka, na njia ya haraka ni pesa. Hii ndiyo sababu mojawapo ya mimi kutoamini sana hadithi kwamba kiti cha wazi ni "nafasi kwa vijana."

Kwenye hili tutofautishe na vitabu tunavyosoma, kwa kuwa vingi vimeandikwa Marekani. Kule, mjumbe wa Baraza la Wawakilishi anayegombea tena hurudi karibu kila mara, zaidi ya mara tisa katika kumi. Kwa hiyo kwao mtu akistaafu ni sherehe kwa wenye ndoto, mlango umefunguka. Kwetu mambo yako tofauti. Hata wakati wa chama kimoja wabunge wetu walikuwa wanaangushwa vizuri tu. Mwaka 1965 TANU ilisimamisha wagombea wawili kila jimbo, mmoja alama ya jembe na mwingine nyumba, na wananchi wakamwangusha hadi waziri wa fedha, Paul Bomani. Kwetu mwenye kiti anaogopa. Anaogopa wajumbe wake mwenyewe. Ukichukua nadharia ya Marekani ukaibandika Hanang bila kuikata mikono, haitatosha.

Mbulu wametupa mfano wa upande wa pili. Philip Marmo alikuwa mbunge wa siku nyingi na waziri. Mwaka 2010 alikuwa Waziri wa Nchi, Ofisi ya Waziri Mkuu, akishughulikia masuala ya Bunge. Hakustaafu. Alisimama tena, na wapiga kura wakamchagua Mustapha Akunaay wa CHADEMA. Marmo baadaye akapelekwa kuwa balozi, kwanza China. Watu wa kwetu wakati mwingine wanalisimulia hilo kama ajali, kama upepo wa mwaka ule. Mimi naona lina uhusiano na hoja yangu. Jimbo lile lile la watu wale wale, lilipopata chama cha pili chenye mgombea wa kueleweka, kauli ya mwisho ilitoka kwa wajumbe ikarudi kituoni. Hanang 2005 kauli hiyo ilibaki mkutanoni.

Mwaka 2015 jimbo la Mbulu likagawanywa: Mbulu Mjini na Mbulu Vijijini. Jimbo likigawanywa, angalau kiti kimoja kinazaliwa bila mwenyewe, ingawa hakuna aliyestaafu. Viti vyote viwili vikarudi CCM, Zacharia Issaay mjini na Flatei Massay vijijini. Huyu Massay wengi mnamkumbuka, ndiye aliyepiga sarakasi bungeni mwaka 2022 akidai lami ya barabara inayotoka Karatu kupita Mbulu mpaka Haydom. Mitandao ilicheka. Mimi niliyepanda basi la Haydom mwezi wa nne, mvua zikiwa zimeshika, sikucheka sana. Ukitaka kujua mbunge wa kwetu anaulizwa nini, ni hiyo barabara. Hanang anaulizwa habari ya ardhi ya mashamba ya ngano ya Basotu, ambako wafugaji wa Kibarbaig walipoteza malisho tangu enzi za NAFCO. Na tangu Desemba 2023, tope liliposhuka kutoka mlimani likaua watu zaidi ya 80 kwenye mji wa Katesh na vijiji vya jirani, anaulizwa pia nani atajengewa na wapi. Haya ni maswali ya mtu anayeijua njia ya ng'ombe na mkondo wa maji. Wajumbe mia kadhaa wanaweza kumpata mtu wa namna hiyo, sikatai. Ila hawawajibiki kwa mtu yeyote wasipompata.

Nilisema nitafikia habari ya mtu asiye na chama. Ni ya Mbulu, mwaka 1960.

Mwaka ule Tanganyika ilifanya uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria, ule uliotufungulia njia ya uhuru. Viti vilikuwa 71. TANU ilikuwa moto. Viti 58 ilivipata bila kupingwa, hakuna aliyethubutu kurudisha fomu dhidi yake. Katika vile 13 vilivyobaki ikashinda 12. Kimoja tu nchi nzima kikaikwepa: Mbulu. Wakati huo wilaya ya Mbulu ilikuwa kubwa, ikichukua hadi Karatu, Babati na Hanang ya leo. Mgombea rasmi wa TANU alikuwa Chifu Amri Dodo. Aliyemshinda ni Herman Elias Sarwatt, ambaye mwenyewe alikuwa mwana TANU, ila chama hakikumteua. Akasimama peke yake. Watu wakampa.

Tulia hapo kidogo uione maana yake. Hawa wapiga kura hawakuwa wanapinga uhuru, wala hawakuwa wanamkataa Nyerere. Sarwatt alipoingia barazani aliendelea kuiunga mkono TANU kama kawaida. Walichokataa ni kitu kimoja chembamba: kuletewa jina. Chama wanakitaka, sera wanazitaka, ila mtu watamchagua wao. Nimesoma hotuba nyingi kuhusu demokrasia ndani ya vyama, lakini sijaona mfano mfupi na safi kuliko huo, na umetoka kwa wakulima na wafugaji ambao wengi wao hawakuwa wamekaa darasani.

Sasa jiulize: Sarwatt angeweza kufanya hivyo leo? Hawezi. Ibara ya 67 ya Katiba inamtaka mgombea ubunge awe na miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na awe mwanachama aliyependekezwa na chama cha siasa. Bila chama, hata ukiwa na wale wadhamini 25 wa jimboni wanaotakiwa na sheria, fomu yako haina pa kupita.

Mlango huo umegongwa sana. Mchungaji Christopher Mtikila alikwenda Mahakama Kuu Dodoma, na mwaka 1994 Jaji Lugakingira akakubaliana naye kwamba mgombea binafsi ni haki. Serikali ikajibu kwa mabadiliko ya 11 ya Katiba, mwaka huohuo, ikaufunga mlango upya. Mtikila akarudi mahakamani, akashinda tena Mahakama Kuu mwaka 2006. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni jambo la Bunge, siyo la mahakama. Akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Juni 2013 mahakama hiyo ikaamua kwamba Tanzania imevunja haki yake, ikaitaka ichukue hatua za kikatiba na kisheria kurekebisha. Mtikila alifariki Oktoba 2015. Mahakama hiyo iko Arusha. Kutoka pale mpaka Mbulu ni safari ya nusu siku kwa basi, na Mbulu yenyewe ilikuwa ndani ya mkoa wa Arusha mpaka Manyara ilipoanzishwa mwaka 2002. Hukumu imekaa jirani kabisa na watu waliowahi kuitumia haki yenyewe, na Ibara ya 67 haijaguswa.

Kuna wanaosema mgombea binafsi ataleta vurugu, matajiri watajinunulia majimbo. Hoja hiyo siidharau. Tatizo lake ni kwamba inadhani pesa haina kazi ndani ya vyama, wakati mkutano wa wajumbe wachache ni rahisi zaidi kuununua kuliko wilaya nzima. CCM yenyewe imelihangaikia jambo hili. Baada ya 2005 ilitanua uwanja: mwaka 2010 na 2015 kura za maoni zilipigwa na wanachama wote wenye kadi. Mwaka 2020 ikarudi kwa wajumbe, na zaidi ya watu 10,000 nchi nzima walichukua fomu, viti maalumu vikiwemo. Halafu vikao vya juu vikawa na ruhusa ya kumruka aliyeongoza na kumchukua wa pili au wa tatu, na mara kadhaa vilifanya hivyo. Vyama vya upinzani navyo visijitoe. Mara ngapi tumesikia jimbo "ameachiwa fulani" kwa makubaliano ya viongozi waliokaa Dar es Salaam? Kwa mpiga kura wa Haydom tofauti iko wapi?

Kwa hiyo mtu akikuambia mbunge wenu ameamua kupumzika, usikimbilie kuuliza nani atagombea. Uliza nani atapiga kura za maoni safari hii, wako wangapi, wanakaa wapi na wamechaguliwa lini. Mara nyingi wajumbe hao walishapatikana kwenye chaguzi za ndani za chama miaka miwili au mitatu nyuma, kwenye vikao vya tawi ambavyo wewe na mimi tulikuwa chuo, hatuna habari. Aliyejipanga kwa kiti cha wazi alianza hapo. Msimu wa mabango unapofika yeye amemaliza kazi.

Na sisi wanafunzi tuna shida yetu ya ziada. Kura ya mbunge unapiga pale jina lako lilipo kwenye Daftari la Kudumu. Mwaka 2010 uchaguzi ulikuwa 31 Oktoba, vyuo vikasogezwa kufunguliwa mpaka Novemba, na wenzetu waliojiandikisha vyuoni wakajikuta wako nyumbani na kadi isiyowasaidia kitu. Ukijiandikisha nyumbani nayo ina hatari yake, ratiba ikibadilika uko kwenye chumba cha mtihani kilomita mia kadhaa kutoka kituoni. Uhamisho wa taarifa unaruhusiwa wakati Tume inapoboresha Daftari, kwa siku chache tu kila eneo, na siku hizo hazisubiri UE ziishe.

Nilipoongea na wenzangu wa Manyara hapa chuoni, tulikuwa 11 kibarazani, watatu tu ndio walijua majina yao yako kituo gani. Mmoja, dada wa Balangdalalu, alikuwa na kadi ya mtaa aliopanga chumba mwaka wa kwanza, na chumba chenyewe alishahama. Hakuna kati yetu aliyekuwa ameingia kwenye kikao cha tawi cha chama chochote. Nikawaeleza habari ya Sarwatt. Yule dada akauliza ilikuwaje walijua wamchague yeye, bila redio, bila simu, bila bango. Nilirudi na swali hilo kwa mjomba likizo iliyofuata. Alinijibu kwamba baba yake alitembea kwa miguu kutoka kijijini hadi penye mkutano kumsikiliza, akalala njiani kwa watu, akarudi kuwasimulia wengine alichosikia.